Orodha ya Uani kwa Mwalimu Zamoyoni

"Nyuki mdogo asiyeuma. Kiumbe wa mia tatu na kumi na moja," kilitamka kinasauhai kutoka juu ya nguzo yake, na Zamoyoni Kobero akapiga kigelegele peke yake uani kama shabiki ambaye timu yake imefunga bao.

Kinasauhai kilikuwa na ukubwa wa sufuria ndogo. Kila kiumbe hupukutisha kitu: unyoya, gamba, vumbi la ngozi. Chombo hicho kilivuta hewa, kikachambua chembe hizo, kikasikiliza mabawa na milio, kisha kikamtaja mwenyewe kwa jina na kulituma jina hilo Manispaa. Mwaka ule wa 2091 kila nyumba mjini Morogoro ilipewa kimoja. Wengi walikiogopa, wakakiita mmbea. Zamoyoni, mwalimu mstaafu wa baiolojia, ndiye aliyepita mlango kwa mlango akiwasihi majirani.

"Washeni, jamani. Tusipowajua tunaoishi nao, tutawalindaje?"

Wakawasha, kwa heshima yake.

Jumanne moja alikwenda kupimwa macho. Aliporudi, harufu kali ilimpokea getini. Nyuki wadogo walikuwa wametapakaa chini ya maua ya maboga kama ufuta uliomwagika. Kinyonga alikuwa amelala ubavu, mkia bado umeviringika. Popo wa darini walikuwa wameanguka barazani, mmoja juu ya mwenzake. Na kinasauhai kilikuwa kikihesabu upya, kwa sauti ileile changamfu: "Viumbe kumi na tisa."

Hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja Manispaa, akamkuta Afisa Mkude, mwanafunzi wake wa zamani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani kaua nyumbani kwangu?"

Mkude alikohoa. "Ni vinyunyizi, mwalimu. Zile ndege ndogo za dawa. Mtambo umepitia orodha za nyua zote, ukachagua viumbe wasio na faida kwa mji."

"Nyuki hana faida?"

"Maboga siku hizi yanachavushwa na mashine."

"Na mbona sikuambiwa?"

"Vinyunyizi havimwagi dawa palipo na mtu. Ilibidi tusubiri utoke."

"Mlinivizia!" Zamoyoni alipiga meza kwa kiganja. "Mlinivizia kama wezi, Mkude!"

"Lakini orodha umeitoa mwenyewe, mwalimu."

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli.

"Nilikupa majina ya majirani zangu," alisema polepole. "Sikukupa ya maadui. Kesho ni zamu ya nani?"

Mkude aliinamisha macho. "Bi Semeni. Saa tatu asubuhi."

Bi Semeni, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkaribisha kiti.

"Wewe ndiye uliyenibembeleza nikiwashe," alisema.

"Ndiyo. Nimekuja kukuomba radhi, na kukusihi kesho usitoke."

"Kesho nampeleka mume wangu hospitali. Nimwache afe kwa ajili ya popo?"

"Nenda naye. Nitakaa mimi."

Kesho yake vinyunyizi vitatu vilifika vikivuma, vikaelea juu ya ua wa Semeni. Chini yake Zamoyoni alikuwa ameketi juu ya jamvi, miguu ameinyoosha.

"Tafadhali ondoka," kilisema kimoja. "Eneo hili litanyunyiziwa dawa."

"Siondoki. Mwambieni aliyewatuma aje mwenyewe."

Jua likapanda. Sisimizi walimwuma kisigino, akawaacha. Vinyunyizi vikarudia ombi lao, tena na tena, kwa adabu iliyomzidishia hasira. Kwake hakikubaki cha kulindwa. Alikuwa akilinda cha mwenzake.

Ndipo sauti ya mwanamume, jirani wa Semeni wa upande mwingine, ikatoka nyuma ya ukuta.

"Mwalimu! Vikishindwa hapo, vinakuja kwangu?"

"Vinakuja."

Kisha akasikia jamvi likikung'utwa, likatandikwa chini.