Meneja Alimuuliza Nini Mwanasheria?

Mume wangu ni fundi wa redio. Mtaani wanamwita Fundi Mawimbi. Miaka minne iliyopita alipata ajali, miguu yake yote miwili ikapooza. Tangu hapo hutumia kiti cha magurudumu.

Kila asubuhi nilikuwa namsukuma kwenye njia nyembamba iliyo kando ya nyumba, mpaka barabarani. Hapo ana meza yake na wateja wake. Ana pia wabishi wenzake wa mpira, ambao hawatengenezi chochote wala hawatengenezewi chochote. Nikishamfikisha, narudi ndani kwenye cherehani yangu. Jioni nakwenda kumchukua.

Nyumba yetu iko nyuma ya ghala la dawa la serikali. Njia yetu inapita ubavuni mwa ghala hilo. Kuna njia nyingine kwa nyuma, lakini ile ni ngazi ishirini na moja za kushuka korongoni. Mtu wa kiti cha magurudumu hapiti huko hata aombe dua.

Jumatatu moja tulikuta mtaro umechimbwa katikati ya njia. Ulikuwa na kina cha kiuno. Mafundi walisema ni msingi wa ukuta, kwa kuwa ghala linataka uzio. Nikamfuata meneja wa ghala ofisini kwake. Alinisikiliza huku anasoma simu. Kisha akasema, "Mama, tumepata ushauri wa kisheria. Mwanasheria wa serikali amesema tunaweza kujenga. Na nyie mna njia ya nyuma."

Nikamwuliza kama ameziona ngazi za hiyo njia ya nyuma. Akasema suala hilo limeshafungwa.

Siku hiyohiyo vijana wanne walimbeba mume wangu kumvusha mtaroni. Mmoja akateleza. Fundi Mawimbi akaanguka mtaroni, kiti juu yake, mbele ya wateja na wabishi wa mpira. Mwili haukuumia sana. Roho ndiyo iliyoumia. Aliporudishwa ndani alisema hatabebwa tena kama gunia, na akiisha kusema mume wangu hashawishiki.

Basi akakaa ndani. Wiki ya kwanza nilimhurumia. Wiki ya pili alianza kunifundisha kushona. Mtu hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano, lakini ananiambia pindo limepinda. Wiki ya tatu aliacha kusema kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikaa dirishani anatazama ukuta wa jirani. Chakula alikigusa tu. Meza yake kule barabarani mtu mwingine alianza kuuzia miwani.

Nikaamua kwenda kwa mwanasheria wa serikali mwenyewe. Nilijiambia, serikali ni yetu sote, basi na mwanasheria wake ni wetu sote. Nilivaa gauni langu zuri. Mapokezi alikuwepo dada mmoja mpole. Aliniambia, "Mama, hapa hatuwatetei wananchi." Nikarudi siku ya pili, nikidhani nitamkuta mwingine. Nikamkuta yuleyule, na jibu lilelile. Siku ya tatu nilitaka nionyeshwe huo ushauri alioandikiwa meneja. Akasema ushauri ni wa ofisi iliyouomba, hawezi kunipa. Nikampa maneno ambayo hakustahili, nikaondoka.

Nyumbani mume wangu alisema mwanasheria huyo amenunuliwa. Mimi nikaitikia. Tulikuwa hatujui kitu, lakini tulikuwa na uhakika kabisa.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu alisikia sauti zetu akaja. Yeye alifanya kazi masjala, chumba cha kutunzia mafaili, katika ofisi ileile ya wanasheria wa serikali. Alikaa huko miaka ishirini na sita mpaka kustaafu. Kila mtu humwita Mama Faili. Ni mtu wa maneno machache, na yale machache ni makali.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nani amewaambia mwanasheria wa serikali ndiye aliyeamua?"

"Meneja," nikasema.

"Mwanasheria haamui. Anashauri. Ofisi ya serikali ikitaka kufanya jambo, na haina uhakika sheria inasemaje, inamwandikia. Inamweleza mambo yalivyo, inamwuliza swali. Yeye anasoma sheria, anajibu. Kujenga au kutojenga ni uamuzi wa ofisi."

Mume wangu akadakia kwamba basi mwanasheria kashauri vibaya.

"Wewe unajua alielezwa nini?" Mama Faili akamkata. "Yeye hakai huku. Hajawahi kuiona njia yenu. Anajibu kwa yale aliyoandikiwa. Nimepokea maelfu ya barua zile. Mtu anaficha nusu ya habari, au haijui, halafu anashangaa jibu likimgeuka. Sasa niambieni. Hiyo njia ni haki yenu au ni mazoea tu?"

 Mume wangu akasema, kana kwamba anataja jambo lisilo na maana, kwamba upo mkataba.

Mimi nikaacha kushona. "Mkataba gani?"

Akaeleza. Zamani kiwanja cha baba yake kilifika mpaka barabarani. Serikali ilipotaka kujenga ghala, baba mkwe alikubali kutoa sehemu ya mbele. Waliandikiana. Serikali iliahidi kuacha wazi njia ya mita mbili kwa ajili ya nyumba ya nyuma. Mkataba uko kabatini, chini ya mashuka, una sahihi na mihuri.

 Siku tatu ananitazama navaa gauni na kuvua gauni, kumbe karatasi iko chini ya mashuka. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Serikali ndiyo iliyouandika," akasema. "Itakosaje kuujua?"

Mama Faili akashusha pumzi ndefu. Alieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Serikali si mtu mmoja mwenye kichwa kimoja. Mkataba ule uliandikwa na ofisi ya ardhi, na huenda umo kwenye faili la ofisi ya ardhi mpaka leo. Meneja wa ghala amefika juzijuzi. Bila shaka katika faili lake hakuna karatasi hiyo, na yeye hakujisumbua kuuliza. Mwanasheria naye hakuambiwa.

"Kwa hiyo msimfuate mwanasheria," akasema. "Yeye ni mwanasheria wa serikali, si wenu. Mwandikieni meneja. Mwambieni kuna mkataba, ambatisheni nakala, mwombeni arudi kwa mwanasheria na habari kamili. Nakala nyingine pelekeni ofisi ya wanasheria. Hiyo hawatakataa kuipokea. Mkikwama, kipo kituo cha msaada wa kisheria. Huko ndiko mtapata wa kuwashauri nyinyi."

Niliandika barua mimi mwenyewe. Nimejifunza kuandika ukubwani, kwa hiyo niliandika kwanza kwa penseli, mara tatu. Mume wangu alitaka tuanze na matusi kidogo. Nilimkatalia. Nilieleza njia ilipo, upana wake, nani anaitumia, na mkataba unasemaje. Niliandika pia kuhusu mtaro, na kuhusu kuanguka. Mkataba wenyewe haukutoka nyumbani, tulipeleka nakala tu. Kila nilipoikabidhi barua niliomba nakala yangu igongwe muhuri na tarehe. Mama Faili alisema barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama haikuandikwa.

Kwa dada wa mapokezi nilianza kwa kuomba radhi. Alisema ameshasikia makubwa kuliko yale.

Tukangoja. Siku ya tano mafundi walileta nondo na mifuko ya saruji. Nilimpelekea meneja nakala yenye muhuri, nikamwuliza kama ameisoma. Alisema ameiona. Nikamwambia sikuuliza kama ameiona. Alikunja uso, lakini zege halikumwagwa siku ile, wala siku iliyofuata.

Wiki ya pili alikuja mwanamke mmoja mfupi amevaa viatu vya matope, faili kwapani. Alikuwa pamoja na mpima ardhi na meneja. Kumbe ndiye mwanasheria mwenyewe. Sisi tulikuwa tumemchora kichwani jitu lenye tumbo.

Mpima ardhi alipima. Mwanasheria aliomba kuuona mkataba wenyewe, akausoma amesimama, akalinganisha na karatasi aliyotoa kwenye faili lake. Alikwisha kuipata nakala ya serikali kutoka ofisi ya ardhi. Kisha akamwomba mume wangu amwonyeshe anavyotoka. Fundi Mawimbi akajisukuma mpaka ukingoni mwa mtaro, akasimamisha kiti.  Mwanasheria alizishuka zile ngazi za nyuma pia, akazipanda tena, akafika juu anahema.

Meneja alikuwa amekasirika. "Lakini wewe ndiye uliyeniandikia kwamba tujenge," akamwambia.

Mwanasheria akafungua faili, akasoma kwa sauti ileile ya kawaida. "Niliandika hivi: mnaweza kujenga ikiwa hakuna mtu mwenye haki ya kupita hapo. Mkaniandikia kwamba hayupo. Je, mlimwuliza mtu yeyote?"

Meneja akatazama mtaro.

"Sasa ushauri wangu umebadilika, kwa sababu habari zimebadilika," akasema mwanasheria. "Serikali iliahidi kwa maandishi. Mkijenga mtakuwa mmevunja mkataba. Hawa wakienda mahakamani, mimi ndiye nitakayesimama kuwatetea nyie, na sitakuwa na la kusema. Ukuta usogezwe. Mtaandikiwa rasmi. Uamuzi ni wenu, lakini msije mkasema hamkuambiwa."

Mume wangu alikuwa analengwa na machozi. Akamshika mkono mwanasheria, akamwambia, "Mungu akubariki, wakili wetu."

"Mimi si wakili wenu, mzee," akajibu, lakini mkono hakuuondoa. "Mimi ni wa huyu." Akamwelekeza meneja kwa kidevu. "Nimemzuia asikosee."

Barua rasmi ilitoka baada ya siku nane. Mtaro ukafukiwa, mafundi wakachimba mwingine karibu zaidi na ghala, wakatuachia zile mita mbili za njia. Walimwaga kokoto ndogo, wakazishindilia mpaka njia ikawa tambarare kuliko zamani. Meneja hakuomba radhi, ila alikuja mwenyewe kuona kazi inavyokwenda. Mama Faili alisema kwa meneja hiyo ni radhi kubwa.

Siku njia ilipofunguliwa, Fundi Mawimbi aliamka kabla yangu. Nilipotoka kumsukuma, kiti hakikuwepo. Alikuwa amejisukuma mwenyewe. Muuza miwani alisogea bila ugomvi.

Jioni nilikwenda kumchukua kama zamani. Mezani hakuwepo. Nikauliza, mmoja akasema amekwenda kwa kinyozi, mwingine akasema amemfuata mteja upande wa pili, mwingine hajui. Muda wa wiki saba nilijua kila dakika mume wangu yuko wapi. Nikasimama pale barabarani, sijui alipo, na moyo wangu umetulia kabisa.