Lenzi ya Fundi wa Kuchomelea

Kila jioni baada ya masomo, Cheche alipitia karakana ya baba yake kumpelekea chai. Watu walimpa jina hilo kwa kuwa alikulia kando ya cheche za kuchomelea vyuma. Siku hizi ilimbidi pia amsomee baba vipimo kwenye futi, maana macho ya fundi yalikuwa yameingia ukungu. Milango ilikuwa ikirudishwa na wenyewe kwa kuchomelewa upogo.

"Chuma cha siku hizi kibovu," baba alijitetea. Wateja walicheka, kisha wakahamia kwingine.

Maji yalipofika shingoni, mama alimshika baba mkono hadi kliniki ya macho, Cheche akiwafuata. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimpima.

"Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili," alisema. "Tutaondoa lenzi iliyochafuka na kupandikiza nyingine. Tena kioo cha mbele cha jicho lako kimepinda kidogo. Kuna lenzi ya kuonea mbali, ambayo utahitaji pia miwani ya kuonea karibu. Na kuna ya mbali na karibu."

"Hiyo ya pili!" baba alidakia. "Nirudi kazini bila miwani."

"Kinyago cha kuchomelea ulikuwa unavaa?"

"Siku zote, daktari."

Cheche aliinamisha kichwa. Kinyago kilining'inia msumarini miaka nenda miaka rudi, buibui wamekifanya nyumba yao. Akisema, atamvunjia baba heshima. Lakini daktari atachaguaje bila kujua?

"Baba," alisema, "hukivai."

Mama alishika mdomo. Daktari hakumgombeza mtu. Alimpeleka fundi kwenye mashine nyingine, akachunguza nyuma ya macho, akakawia.

"Kuna makovu," alisema hatimaye. "Mwanga mkali umeunguza sehemu inayoona vitu vidogo, na lenzi haiwezi kuitibu. Ile ya mbali na karibu huugawa mwanga, ingekuzidishia ukungu. Tutaweka ya kawaida. Ule upindo mdogo tutaurekebisha kwa miwani."

"Na kuchomelea?"

"Pole sana, baba. Kazi hiyo basi."

Upasuaji ulikwenda salama. Bandeji zilipotolewa, baba aliliona dirisha, akamtambua mkewe kwa gauni lake. Lakini Cheche aliposogea karibu, uso wake ulikuwa na doa katikati. Mwezi ule ule, karakana ikapata fundi mwingine.

"Baba, nisamehe," Cheche alisema wakiwa wameketi kibarazani. "Nilikuaibisha."

Baba aligeuza kichwa upande, kama alivyofundishwa kliniki, ili amwone kwa ukingo wa jicho.

"Ungenyamaza, ningepandikizwa lenzi isiyonifaa na kuwalaumu madaktari hadi kaburini. Ukweli wako haukunirudishia macho, mwanangu, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshayaunguza. Wewe usimdanganye daktari. Na kinga ya kazi uivae jicho likiwa zima. Likishaungua, unamkinga nani?"