Helmeti ya Rangi ya Lulu

"Unajipamba kwa ajili ya nani, Samiha?"

Samiha aliikodolea macho simu. Alikuwa kaiegemeza kwenye kioo cha kabati, chumbani kwao Makorora, na uso wa Tahiri ulikuwa umekunjamana humo kama mtu aliyelamba shubiri.

"Si kujipamba, mpenzi. Ni helmeti tu. Ya rangi ya lulu, ina kioo cheusi cha kushusha. Na koti la damu ya mzee, refu, linanisitiri mpaka magotini."

"Mwanamke wa heshima hapandi pikipiki."

"Ni skuta, Tahiri. Hata miguu siitanui."

"Skuta, pikipiki, yote mamoja. Itakupeleka kusikokuhusu. Mimi huku Horohoro nahangaika na kazi za forodha, wewe huko unataka kuwa kivutio cha vijana wa Ngamiani. Nikija kukuoa nisiikute."

Simu ikakatika.

Skuta ilikuwa na siku kumi tangu aitoe dukani. Nyeupe ya maziwa. Kila baada ya sala ya alfajiri Samiha alikuwa anaitoa uani, anaipangusa umande kwa kanga kuukuu, kisha anashuka nayo taratibu mpaka Raskazone, mji ukiwa bado unapiga miayo. Alikuwa mpambaji wa maharusi, wa hina na piko, na kwa miaka sita alikuwa amekwenda kwa wateja kwa kudra za waendesha bodaboda. Sasa upepo wa asubuhi ulikuwa wake. Akifika kwenye ile miti mikubwa ya barabarani alikuwa anaona kabisa, kama ndotoni, Tahiri kakaa nyuma yake, kidevu begani kwake, anamnong'oneza, "Polepole, mke wangu, tuna haraka gani?"

Ila kichwani alikuwa na helmeti ya kuazima kwa mjomba. Inanuka nywele za watu, inacheza kama sufuria. Na buibui lake lilikuwa limeshaumwa na tairi mara moja, pale Barabara ya Kumi na Mbili. Bahati alikuwa anaondoka tu, akaanguka kwa goti.

Ndiyo maana siku ya pili baada ya ile simu alikwenda dukani hata hivyo. Aliivaa helmeti ya lulu, akafunga koti, akaingiza vidole kwenye glavu laini nyeusi. Mikono ndiyo riziki yake. Akajitazama kwenye kioo. Yule mwanamke wa kwenye kioo alikuwa kama anatoka safari ndefu nzuri, na bado ana nyingine.

"Dada, umezaliwa nalo hilo koti," muuzaji alisema.

Hakumwambia Tahiri. Alijiambia, atakapokuja ataniona nalo, moyo utalainika.

Jioni ile ikaingia simu ngeni.

"Assalaamu alaikum, mwanangu. Wewe ndiye Samiha mpambaji? Mimi naitwa Bi Sabiha, niko Maramba. Binti yangu Shadya anaolewa Ijumaa. Kaona kazi zako kwenye simu, kakataa mwingine yeyote. Lakini huku mbali, mwanangu, utafika?"

"Waalaikumu salaam, mama. Shikamoo. Nitafika, nina usafiri wangu."

Alilisema lile neno, usafiri wangu, akatabasamu peke yake.

Alhamisi aliipita Mabokweni jua likiwa changa. Milima ya Amani ilikuwa imejifunika ukungu upande wa kushoto, mashamba ya michungwa yanateremka mpaka barabarani, na skuta inaunguruma kama paka aliyeshiba. Aliota njia nzima. Aliiota Ijumaa yake mwenyewe, nani atampaka hina yeye, Tahiri atavaa kanzu gani. Karibu na Maramba mvua ikaanza kumwagika. Njia ya kupanda kwa Bi Sabiha ilikuwa tope tupu, akaiacha skuta kwenye kibaraza cha duka, akapanda kwa miguu, mkoba wa hina kaukumbatia kwa mikono miwili, helmeti kichwani, kioo chini.

Uani walikuwa wanafunga turubai. Mwanamume mmoja aliyekuwa ameshika kamba aligeuka, akamkimbilia.

"Karibu, dada mpambaji! Pita huku, utateleza. Nipe mkoba."

Samiha akamwachia mkoba, akaganda. Sauti ile aliijua hata ikiwa chini ya maji.

"Maashaallah," Tahiri aliendelea, anacheka, anaitazama ile helmeti. "Umetoka Tanga kwa pikipiki kwenye mvua hii? Na koti lako hilo! Dada, umependeza kweli. Mimi nampenda sana mwanamke anayejua mambo yake."

Mvua ilikuwa inagonga helmeti, tap, tap, tap. Ndani yake Samiha alisikia pumzi zake mwenyewe tu.

"Bwana harusi, mwache mgeni aingie!" Bi Sabiha aliita kutoka mlangoni.

Bwana harusi.

Samiha akainua kioo.

Mkoba ulimtoka Tahiri mikononi. Ukaanguka topeni, *pwa*.

"Samiha..."

"Ulisema itanipeleka kusikonihusu," Samiha alisema taratibu. "Kumbe ulikuwa unapajua mahali penyewe."

"Nisikilize. Tusiongelee hapa. Mimi nilitaka kukwambia. Mwanamume dini imemruhusu..."

"Dini imekuruhusu wake wanne, Tahiri. Uwongo haijakuruhusu hata mmoja."

Binti mwembamba akatokea mlangoni, kanga kichwani, macho yanahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

"Mama, kuna nini? Unamjua mchumba wangu, dada?"

Samiha alivua helmeti. Ushungi ulikuwa umelowa kwa jasho. Alitamani kupiga kelele, lakini yule binti alikuwa na macho ya mtu ambaye hajamkosea mtu yeyote.

"Ametoa posa kwetu tangu mwaka juzi," alisema. "Mwezi ujao ndiyo ndoa yetu. Mama yako akitaka, nitampigia mama yangu sasa hivi, waongee wazazi kwa wazazi."

"Tahiri?" Shadya aliuliza. "Ni kweli?"

Tahiri alitazama tope.

"Ulituambia hujawahi hata kuposa," Bi Sabiha alisema. Hakupandisha sauti. "Kijana, shusha turubai lako. Chukua na viti vyako. Kabla wajomba wa binti yangu hawajarudi kutoka msikitini, uwe umeshafika Horohoro."

Tahiri aliondoka, kamba moja bado kaishika mkononi.

Ndani, Shadya alilia mpaka akachoka. Samiha alikaa naye mkekani, na yeye akalia kidogo, uso kauelekeza ukutani. Bi Sabiha akawaletea chai ya mchaichai, akawaacha.

"Ulijua?" Shadya aliuliza mwishowe.

"Wallahi sikujua."

"Mimi pia." Akapangusa macho. "Ungebaki bila skuta, kesho ningekuwa mke wake, na wewe ungekuja kuwa mke mwenzangu bila kujua. Dada, hina imeharibika?"

"Imefungwa vizuri. Mkoba tu ndio umechafuka."

"Basi nipake. Nimeingoja wiki nzima, siachi mikono yangu mitupu kwa ajili yake."

Samiha alimpaka maua ya mkilua, yanapanda mpaka kwenye viwiko. Walipomaliza, mvua ilikuwa imekwisha.

Aliteremka kabla ya alasiri. Barabara ilikuwa inatoa mvuke, michungwa inanukia, milima imejifunua yote, kijani juu ya kijani. Alilia mpaka Mabokweni, ndani ya helmeti, ambako hakuna aliyemwona. Hapo akasimama pembeni, kwa sababu simu ilikuwa haiishi kuita.

"Samiha, uko wapi? Wewe ndiye niliyekupenda kwanza. Nisubiri nije tuyamalize. Nisubiri hapo hapo ulipo."

Aliitazama barabara ya Tanga, ilivyolala imenyooka inang'aa kwa maji.

"Siwezi, Tahiri," alisema. "Niko njiani, naendesha."

Akaizima simu, akashusha kioo, akaingia barabarani.