Mtambo Uliopimwa Asubuhi

"Dada, huyo jogoo nimeshamlipia."

"Na mimi nimeshamshika miguu, kaka. Tumpigie kura?"

Wauzaji wa soko la Singida mjini wakacheka. Luciana, ndani ya gauni la kitenge cha manjano, hakulegeza mkono. Alute, ovaroli yake imejaa vumbi, akamwachia jogoo na kuomba namba ya simu. Kesho yake wakakutana hospitalini: Alute ndiye fundi aliyeletwa kufunga mtambo wa kutibu saratani, na Luciana ndiye mpimaji wa mionzi.

Miezi mitatu ikapita, kila usiku wakiongea kwa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Sauti yako imenishibisha."

"Basi utakonda, nakuambia!"

Wakagombana Ijumaa, siku tatu kabla ya ufunguzi. Mtambo ule husukuma elektroni kwa mawimbi ya redio. Masafa ya mawimbi hayo yakihama kidogo tu, mionzi hutetereka. Ili kuwahi, Alute alichagua kuyarekebisha kwa mkono, akaacha kufunga kifaa cha kuyafuatilia chenyewe. Luciana akakataa kusaini hati ya kuruhusu mtambo utumike.

"Nimepima mara tatu, Luci. Mionzi imetulia."

"Umepima asubuhi, baridi ikiwa inauma. Mgonjwa wa ishirini atalala hapa saa nane mchana, mtambo umeshachemka."

"Sema tu huniamini."

"Nakupenda, Alute. Lakini sisaini."

Alute akaondoka bila kuaga. Luciana alilia siku mbili, kalamu hakuigusa. Dada yake Rahabu alikufa kwa saratani akingali anasubiri zamu ya matibabu, akazikwa kijijini Ulemo. Hakutaka mwingine alale chini ya mionzi isiyotulia.

Jumapili mchana simu ikaita.

"Luci, nipo hospitali. Nimeuendesha mtambo tangu asubuhi bila kuupumzisha."

"Enhe?"

"Mzunguko wa kumi na nne, magnetroni inayotoa mawimbi ikapata joto, masafa yakahama, mionzi ikashuka. Nimemwambia mganga mkuu kosa ni langu. Tunafungua wiki ijayo, kifaa kikiwa mahali pake."

Luciana akavuta pumzi. "Mwenyewe umemwambia?"

"Mwenyewe. Na mjomba wangu Laurenti anauliza, baba yako anapatikana lini? Anataka kupeleka posa."

"Jumamosi. Na shikamoo aitoe kwa sauti, baba hasikii vizuri."

"Kwa hiyo umekubali?"

Luciana alikuwa ameshafika mlangoni, viatu mkononi.

"Nimekubali. Sasa usizime mtambo, nakuja tuupime pamoja ungali wa moto."