Jiko Mgongoni kwa Nolasco

Sokoni Valparaíso, watu wamejaa, kijoka wa Nolasco aliruka kutoka begani kwa bwana wake, akatumbukiza kichwa kwenye jiko la Eduvigis, muuza maandazi, na kuanza kula makaa. Mafuta yakapoa. Sopaipilla zake, maandazi ya maboga, zikabaki mbichi ndani, wateja wakaguna.

"Wewe kaka! Hilo dude lako halilishwi nyumbani?"

"Pimentón hulishwa, dada. Leo kaona mpishi mzuri tu."

Nolasco alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi. Ovaroli yake ilikuwa na kila rangi ya nyumba za kilimani. Eduvigis alivaa gauni la njano, na shingoni, kama skafu, alijizungushia Canela, kijoka wake mwenyewe, aliyemkodolea mgeni jicho moja. Msinibishie: enzi zile kila nyumba pale ilifuga kijoka wa jikoni, joka la kutema moto, mkubwa kama paka, na asiyekuwa naye alikunywa chai baridi.

Kesho yake Nolasco akarudi. Na keshokutwa. Pimentón alikula makaa yale mpaka tumbo likaburuzika chini.

"Mtanimalizia makaa, mpenzi."

"Nikuoe basi, utumie ya kwangu."

"Maneno hayo! Jumapili njoo kwa baba, na huyo mlafi wako."

Maana kule mwanaume haposi kwa mdomo. Huleta kijoka wake, na vijoka wawili wakilalia jivu moja, mambo yamekwisha.

Jumapili Nolasco alifika na suti ya kijivu, nywele zimelazwa kwa mafuta, maua mkononi. Begani, patupu. Mzee Remigio, baba wa Eduvigis, alilitazama bega lile, akasema "Karibu kahawa" kwa sauti ya kufukuza.

"Pimentón yuko wapi?" Eduvigis alinong'ona.

"Nyumbani."

"Kwa nini hukuja naye?"

"Siwezi kusema, roho yangu."

"Una mwingine!"

"Sina!"

"Basi sema!"

"Siwezi."

Maskini, kweli hakuweza. Pimentón alikuwa anajivua ngozi, na kijoka anayejivua hatolewi jikoni mwake, wala hatajwi. Ukitamka tu, moto wake unazimika maisha. Kila mtu pale anajua. Ila vijoka hujivua wakati wa baridi, na ile ilikuwa Januari, jua linachoma mabati. Nani angedhani makaa ya Eduvigis yamemnenepesha mpaka ngozi ikapasuka mapema?

Jioni simu ikalia.

"Usinipigie tena, Nolasco."

"Nisikilize, kipenzi..."

"Nakusikiliza tangu mchana, husemi kitu! Kesho baba anamkaribisha yule mwoka mikate anayetaka kunioa."

Simu ikakatwa. Nolasco akaligeukia jiko lake la chuma, zito kama nyumbu. Hatolewi jikoni mwake? Sawa. Jiko lenyewe litatembea.

Asubuhi alilifunga mgongoni kwa kamba. Mlango wa lifti ya kupandia kilima ukawa mdogo, akazikabili ngazi za kwenda kwa kina Eduvigis. Bomba la jiko lilifuka moshi juu ya kichwa chake kama la meli. Kila dirisha likatoa kichwa.

"Nolasco, unahama?"

"Napanda!"

"Mna nini humo?"

"Siwezi kusema!"

Eduvigis alimngoja mlangoni, mikono kiunoni. "Umekuja kutuuzia vyuma chakavu?"

Nolasco akapiga magoti, akampa mgongo. "Fungua... mwenyewe."

Akafungua. Pimentón alikuwa amelala juu ya jivu, ngozi kuukuu inambanduka kama rangi ya ukutani, mpya inang'aa chini yake. Eduvigis akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Ngazi nzima ikafanya vilevile, wambea wakiwemo.

Canela akashuka shingoni polepole, akaingia ndani ya jiko, akajikunja ubavuni kwa Pimentón na kuanza kumvuta ile ngozi kwa meno, kwa upole.

Mzee Remigio akakohoa. "Mwoka mikate aambiwe leo hatuna nafasi."

"Kulishusha tena siwezi," Nolasco alihema, bado yuko magotini. "Likibaki hapa, mimi mtanifukuza?"

Eduvigis akachukua kisu, akazikata kamba, akampangusa jasho kwa pindo la gauni lake la njano.

"Ingia ndani, mume wangu," akasema. "Na usiseme kitu."