Glasi ya Ryuji

Katika mkahawa wa Sadao, pale mjini Matsumoto, santuri ikianza kuzunguka hakuna anayeongea. Wateja huja kusikiliza jazi, basi. Ndiyo maana mkewe, Tamae, aliisikia vizuri sauti ya mtu anayemeza, gulu, gulu, ikitoka kwenye spika, pale saksafoni iliponyamaza kidogo.

Alasiri ile Sadao alikuwa ameweka glasi mbele ya spika kwa ajili ya Ryuji, rafiki yake aliyetimiza mwaka tangu afariki. Aliyepuliza saksafoni katika santuri ile alikuwa Ryuji mwenyewe.

"Sauti yake nzito," Sadao alikuwa amesema, akimimina mvinyo mwekundu wa Shiojiri. "Huu ndio unaomfaa. Mweupe ungezama humo usionekane."

"Ryuji huyu huyu? Hata siki angekunywa," Tamae alimtania.

"Shh! Anakusikia."

Santuri ilipokwisha, glasi ya Ryuji ilikuwa tupu. Ya Sadao, iliyokuwa tupu na ambayo hakuna aliyeigusa, ilikuwa imejaa.

Kwao mtu hajimiminii. Unamimina ya mwenzio, naye anamimina yako. Sadao alitabasamu kama mtoto.

"Umeona? Amenirudishia."

Akainywa yote.

Ikawa hivyo kila siku saa tisa alasiri. Harufu ya udongo mbichi ilijaa mkahawani, wateja wakaacha kuja. Siku ya tano sauti ya Sadao ilikuwa imekonda, imebaki mnong'ono tu, na ndani ya santuri, nyuma ya ngoma, mwanamume alianza kucheka. Tamae alikijua kicheko kile. Alikuwa ameishi nacho miaka thelathini.

Alikimbilia hekaluni kumwita mtawa. Mtawa alifika mlangoni, akanusa, akakataa kuingia.

"Sauti ya mumeo ikihamia santurini yote, mwili utafuata," alinong'ona.

"Niivunje santuri?"

"Na mumeo yumo? Hapana, mama. Yeye mwenyewe aifunike glasi yake kwa kiganja, akatae. Na mtu mwingine asiinywe, hata tone."

Sadao alipoambiwa alitikisa kichwa. "Nimfunikie Ryuji glasi mbele ya macho yake? Aibu gani hiyo?"

"Aibu yako itanifanya mjane, mzee wangu!"

Sadao aliweka santuri, akammiminia rafiki yake, akaketi. Saksafoni ikaanza chini kabisa, harufu ya udongo ikapanda mpaka kooni, glasi ya Ryuji ikapungua huku glasi ya Sadao ikijaa polepole bila chupa wala mkono, na kile kicheko kikaja karibu zaidi, mbele ya ngoma, mbele ya saksafoni, mpaka Tamae akaona midomo ya mumewe ikicheka pamoja nacho bila kutoa sauti yoyote, na mkono wake ukiinuka kuichukua glasi, na macho yake yakianza kufifia kama ya mtu anayesinzia, na hapo akasahau yote aliyoambiwa, akampokonya glasi, akaigugumia mpaka tone la mwisho ili mumewe asiinywe.

"Tamae!" Midomo ya Sadao ilitamka, kimya.

Glasi ambayo Tamae aliirudisha mezani ilianza kujaa tena. Sadao alimtazama mkewe, uso umempauka, kisha akapiga kiganja chake juu ya glasi.

"Basi, Ryuji," midomo yake ikasema bila sauti. "Imetosha."

Saksafoni ikakatika. Harufu ikatoweka. Sindano ikabaki ikikwaruza.

"Amekwenda!" Sadao alipaza sauti, nene, yake ile ile. Akajishika koo, akalia, akacheka. "Mke wangu, umesikia? Nimepona! Amekwenda!"

Tamae alimkumbatia, machozi yakimtoka, akafungua kinywa ajibu.

"Nimesikia, mzee wangu," sauti yake ikasema, kutoka ndani ya spika.