Jedwali la Chaki za Rangi

Kila asubuhi, kabla kengele ya pili haijagongwa, binti mmoja wa darasa la sita alikuwa tayari amepanda juu ya stuli, chaki mkononi, ananakili somo ubaoni. Darasa lao lilikuwa na wanafunzi sabini na wawili na kitabu cha sayansi kimoja, tena kisicho na jalada. Kwa hiyo mwenye hati nzuri aliandika ubaoni, na wengine wakaandika madaftarini. Wenzake walimwita Mwandiko, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na babu yake.

Mwalimu wao alikuwa mgeni. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu chuo kimlete kufanya mazoezi ya kufundisha, lakini alikuwa amekonda utafikiri ametoka kuugua. Alipangiwa madarasa mawili kwa wakati mmoja, la tano na la sita, yaliyotenganishwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Akiuliza swali upande huu, anajibiwa na upande wa pili. Wiki ya kwanza sauti ilimkauka kabisa, akafundisha hesabu kwa vidole, watoto wakacheka hadi wakashika mbavu. Hakununa. Alicheka nao, kisha akaanza hesabu upya.

"Mwandiko," alimwambia siku ya Ijumaa, "leo nakili ule ukurasa wa maji ya sukari na chumvi, ya kumpa mtu anayeharisha. Ukimaliza niite niupitie ubao kabla wenzako hawajaandika. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu."

Kitabuni maelezo yalikuwa sentensi tatu kavu. Mwandiko aliona hazipendezi, akachora jedwali. Upande wa kushoto aliandika vitu kwa chaki ya bluu, vyote kwa mkupuo mmoja: maji, chumvi, sukari. Upande wa kulia akashuka na vipimo kwa chaki nyekundu, kwa mpangilio wa kitabu: lita moja, vijiko sita, nusu kijiko. Kitabu kilitaja sukari kabla ya chumvi. Yeye macho yake yote yalikuwa kwenye unyoofu wa mistari.

Alipomaliza, mwalimu alikuwa upande wa pili akitenganisha ugomvi wa penseli, na wenzake walikuwa wameshaanza kuandika. Mwandiko hakumwita. Mwalimu alikuja mbiombio, akautupia ubao jicho moja, akasema, "Lo, jedwali zuri!" Hapo hapo kengele ikalia.

Jioni, akirudisha kitabu kabatini, Mwandiko aliufungua tena ule ukurasa ili ajisifu kimoyomoyo. Akasoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili. Chumvi ilikuwa nusu kijiko; ubaoni yeye aliipa vijiko sita.

Mwalimu alikuwa bado uani, anafuta vumbi la chaki kwenye suruali. Ilikuwa ni kumwita tu. Lakini Mwandiko aliwaza kwamba akisema, kesho chaki itashikwa na mwingine. Akajiambia, "Nani atayachanganya kweli? Watu wananunua dawa dukani." Akafunga kabati, akaenda nyumbani.

Jumatatu, jirani yake wa dawati hakuja. Mwandiko alitumwa kupeleka daftari la mahudhurio ofisini, akamkuta mama wa huyo rafiki yake amesimama mbele ya mwalimu mkuu, na mwalimu wao yuko pembeni. Alikuwa fundi cherehani, na futi yake ya kitambaa ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Mtoto wake mdogo alikuwa mgongoni, amelala kwa uchovu. Mwandiko akasimama mlangoni.

"Huyu wa mgongoni aliharisha Jumamosi," mama alikuwa akisema. "Dada yake akachanganya maji kama alivyoandika hapa shuleni. Kwa nia njema kabisa! Mtoto akatapika mpaka macho yakazama. Muuguzi alipoyaonja aliyatema. Akaniuliza, nani kakufundisha kumnywesha mtoto chumvi? Nimwambie nini? Nikamwambia, shule."

"Na sasa anaendeleaje?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Huyu kapona, nashukuru. Asiyepona ni dada yake. Kajifungia ndani tangu jana, hali chakula, anasema nusura amuue mdogo wake."

Mwalimu mkuu akamgeukia yule mwalimu mgeni. "Mkufunzi wako wa chuo anakuja Jumatano. Akilisikia hili, mazoezi yako yameishia hapa. Nani aliandika ubaoni?"

"Darasa ni langu, mama," mwalimu alijibu, akimgeukia yule mzazi. "Sikuusoma ubao. Kosa ni langu."

Alijua vizuri aliyeandika. Hakumtaja. Mwandiko akaingia ofisini.

"Niliandika mimi," alisema, sauti ikikatika. "Niliambiwa nimwite Mwalimu apitie kabla wenzangu hawajaandika, nikapuuza. Na kosa... kosa nililiona Ijumaa ileile. Nikanyamaza."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaivaa tena.

"Kukukaripia kupo," alisema mwishowe, "na chaki hutaigusa hadi muhula uishe. Lakini kwanza, madaftari sabini na mawili. Gongeni kengele!"

Kila mtoto alifuta jedwali, akaandika upya, akasoma kwa sauti. Waliokosa shule siku hiyo walifuatwa nyumbani mmoja mmoja. Jumatano mkufunzi alikuja, akaambiwa kila kitu, akamwandikia mwalimu ukurasa mzima wa makosa, lakini akamwacha aendelee. Tangu siku hiyo, wanafunzi wawili walilinganisha ubao na kitabu kabla ya yeyote kushika kalamu.

Lakini safari iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ile ya Jumatatu jioni, Mwandiko na mwalimu wake wakielekea nyumbani kwa fundi cherehani. Rafiki yake alikuwa amekaa nyuma ya mashine, macho yamevimba.

"Si wewe uliyekosea," Mwandiko alimwambia. "Ni mimi. Nikajua, nikanyamaza siku mbili."

"Siku mbili nzima?" Rafiki yake alimkazia macho. "Na Jumamosi ulikuwa unajua?"

Mwandiko aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Fundi alisimamisha mashine. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nikishona mkono wa shati kinyume, nikasema papo hapo, nafumua, mteja ananicheka, yameisha. Nikinyamaza, nguo inavaliwa, na anayeaibika ni mwingine. Kukosea utakosea tena, kama mimi na mwalimu wako. Ila siku unapoliona kosa, liseme siku hiyo hiyo. Ukilificha, linakwenda kumuumiza mtu ambaye hata hakujua kama lipo."

"Nisamehe, mama. Nisamehe na wewe."

Rafiki yake alimtazama mdogo wake aliyekuwa akichezea kifungo sakafuni, kisha akachukua daftari, akalisukuma mbele ya Mwandiko.

"Niandikie upya," alisema. "Safari hii nakuangalia, mstari kwa mstari."

Mwandiko akafuta machozi, akaandika polepole: maji safi, lita moja. Sukari, vijiko vidogo sita vilivyosawazishwa. Chumvi, nusu kijiko kidogo.